Umejumlisha mabao ya Kombe la Dunia 2022 ukapata 196? Tuanzie hapo kabla hujachora chochote

Swali lenyewe kwa kifupi: "Nimepakua data ya bure ya StatsBomb (kampuni inayorekodi matukio ya mechi) ya Kombe la Dunia 2022, nimejumlisha mabao yote nikapata 196 wakati kila mahali wanasema 172. Nikachora ramani ya mashuti ya fainali, naona timu zote mbili zinashambulia goli moja. Afu nina data ya mashabiki pia, mahudhurio, watazamaji wa TV na posti za mitandaoni, nataka yote yakae kwenye ukurasa mmoja. Nianzie wapi, na nitumie Excel au Python?"

Mkuu kwanza hongera kwa kujumlisha kabla ya kuchora, maana wengi wanapakua, wanachora, wanaposti, afu mtu mmoja kwenye komenti ndo anakuja kuwaambia namba haziendani. Na hiyo 196 yako wala sio makosa ya data. Data iko sawa kabisa, ila inahesabu kitu ambacho wewe hukukiomba, na kiukweli karibu kila kinachokusumbua kwenye swali lako ni hilohilo, namba za mashindano haya zinahesabu kitu tofauti kidogo na unachodhani, za uwanjani na za mashabiki vilevile.

Tuichambue. Bila shaka ulichukua matukio yote ya shuti ambayo matokeo yake ni goli ukayahesabu. Sasa Qatar kulikuwa na mechi tano zilizoamuliwa kwa mikwaju ya penalti, hazijawahi kufika tano kabla ya hapo: Kroatia na Japani 3-1, Moroko na Hispania 3-0, Kroatia na Brazili 4-2, Argentina na Uholanzi 4-3, na fainali yenyewe Argentina na Ufaransa 4-2. Hesabu zilizoingia, 4, 3, 6, 7 na 6, unapata 26. Kwenye yale mafaili kila mkwaju umeandikwa kama shuti la kawaida tu, kinachoutofautisha ni kolamu ya kipindi, ambapo 1 na 2 ni zile dakika 90, 3 na 4 ni nusu saa ya nyongeza, na 5 ni mikwaju. Toa kipindi cha 5, unabaki na 170. Bado mawili, na hayo ni mabao ya kujifunga, Nayef Aguerd wa Moroko dhidi ya Kanada na Enzo Fernández wa Argentina dhidi ya Australia. Bao la kujifunga sio shuti la mtu, kwa hiyo hulikuti kwenye mashuti, lina aina yake ya tukio na linaandikwa mara mbili, upande wa aliyejifunga na upande wa aliyefaidika, ukilirudisha chukua upande mmoja tu la sivyo utaishia 174. 170 na 2, hiyo hapo 172.

Usije ukasema mabao mawili ni kitu kidogo nitayaacha. Ukihamia data ya 2018 Urusi kulikuwa na mabao ya kujifunga 12 kati ya 169, na bao la kwanza kabisa la fainali lilikuwa la kujifunga, Mandžukić wa Kroatia. Chati ya mabao ya 2018 iliyotengenezwa kwa mashuti peke yake inaanza fainali na Ufaransa hawana goli wakati kila aliyeangalia anajua walitangulia kufunga.

Tuje kwenye goli moja kushambuliwa na timu zote. Hiyo nayo ni makusudi. Kila tukio limeandikwa kwa upande wa timu iliyolifanya, na timu hiyo siku zote inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia, kipindi cha kwanza na cha pili, haijalishi kwamba uwanjani walibadilishana magoli. Uwanja wao una urefu (x) 120 na upana (y) 80, na sifuri iko kona ya juu kushoto. Kwa hiyo timu moja unaigeuza: x mpya ni 120 toa x, na y mpya ni 80 toa y. Wengi wanageuza x wanaisahau y, chati inaonekana safi kabisa, ila winga wa kushoto kahamia kulia na hamna atakayegundua mpaka aje mtu aliyeangalia mechi kwa makini. Pia programu nyingi za kuchora zinahesabu y kwenda juu wakati hapa inahesabiwa kwenda chini, usipoigeuza uwanja mzima unajipindua kama kwenye kioo. Jipime na Di María. Fainali ile alianza winga ya kushoto na bao lake la dakika ya 36 alilifungia upande huo, ukiona kwenye ramani yako limetokea kulia kwa Argentina basi rudi nyuma kuna mahali umekosea. Na ukichanganya na data ya kampuni nyingine kama Opta kuwa makini, wao uwanja wao ni 100 kwa 100 na sifuri iko kona ya chini, usizipachike juu ya nyingine bila kubadilisha vipimo kwanza.

Ukiwa hapohapo kwenye ramani ya mashuti, ukubwa wa duara. Najua utataka duara kubwa kwa nafasi nzuri na dogo kwa nafasi mbovu, kwa kutumia xG, yaani uwezekano wa shuti lile kuwa goli, ambapo penalti inakaa kwenye 0.76 hadi 0.79 hivi kutegemea modeli na shuti la mbali linaweza kuwa 0.05 au chini. Penalti ina thamani kama mara 15 ya shuti hilo. Sasa ukiiweka xG kwenye nusu kipenyo cha duara, jicho halisomi kipenyo, jicho linasoma eneo, na eneo linakuwa mara zaidi ya 200, penalti inafunika boksi zima na shuti la mbali linakuwa kitone. Weka xG kwenye eneo. Kwenye matplotlib, maktaba ya kuchora ya lugha ya programu Python, ile parameta ya s ya skata (chati ya nukta) tayari ni eneo, kwa hiyo ipe xG mara namba fulani basi, usiizidishe yenyewe kwa yenyewe.

Ila mi binafsi kama ningeambiwa nichague chati moja tu ya fainali ile nisingechagua ramani ya mashuti. Ningechagua ngazi ya xG, dakika kwa mlalo, xG iliyojumlishwa kwa wima, mistari miwili inapanda kila shuti linapopigwa. Ukiichora utaona kwa nini. Ufaransa kipindi chote cha kwanza hawakupiga shuti hata moja, mstari wao umelala chini kabisa wakati Argentina wanapanda, penalti ya Messi dakika ya 23, Di María 36, na unaendelea kulala mpaka mtu anaamini mechi imeisha. Halafu dakika ya 80 Mbappé penalti, dakika ya 81 Mbappé tena, na mstari unaruka. Messi 108, Mbappé penalti nyingine 118. Hamna haja ya maelezo marefu, mtu ambaye hakuiona mechi anaielewa. Kitu kimoja tu, mapandio ya penalti yape alama tofauti, hata mstari wa nukta unatosha, kwa sababu penalti mbili za Mbappé peke yake zinaongeza kama 1.5 kwenye xG ya Ufaransa na msomaji atadhani walitengeneza nafasi nyingi za wazi kumbe sehemu kubwa ya kile kimo ni penalti. Na kipindi cha 5 usikiweke humo kabisa.

Halafu dakika. Hapa ndo watu wengi wanaumia kimyakimya. Bao la dakika za majeruhi kipindi cha kwanza, tuseme 45+3, kwenye data linakaa dakika ya 47 au 48, na kipindi cha pili kinaanza tena 45, kwa hiyo dakika ya 47 zipo mbili kwenye mechi moja. Ukipanga kwa dakika peke yake matukio ya kabla ya mapumziko yanachanganyika na ya baada. Panga kwa kipindi kwanza, dakika baadaye. Kwa Qatar hii sio kitu kidogo kwa sababu waamuzi waliambiwa wafidie muda wote uliopotea, Uingereza na Iran kipindi cha kwanza kilikwenda dakika 14 za ziada baada ya kipa wa Iran kuumia, na penalti ya Taremi wa Iran mwishoni ikafungwa 90+13. Ndo maana ile chati maarufu ya mabao kwa kila robo saa, ambayo kila mtu anaichora, inaonyesha robo ya mwisho ina mabao mengi na watu wanaandika "timu zinachoka". Labda wanachoka kweli, lakini hiyo robo ya mwisho sio robo saa, ina dakika 15 na zote za majeruhi juu yake. Gawa mabao kwa dakika zilizochezwa kweli ndani ya kila fungu, afu ndo tuongee kuhusu kuchoka.

Umiliki wa mpira ningekushauri usiupe nafasi kubwa kwenye ukurasa wako. Sio kwamba hauna maana, ni kwamba peke yake unadanganya kirahisi sana. Japani waliwafunga Hispania 2-1 wakiwa na mpira asilimia 17.7 tu kwa hesabu za Opta. Na ukienda kwenye ripoti ya FIFA ya mechi hiyohiyo hukuti 17.7 wala 82.3, kwa sababu kuanzia Qatar FIFA wanagawa umiliki mara tatu, timu hii, timu ile, na muda ambao mpira unagombewa hauna mwenyewe. Kwa hiyo ukichukua asilimia ya timu moja huku na ya timu nyingine kule, duara lako halifiki 100 na hutajua kwa nini. Chagua chanzo kimoja, kiandike chini ya chati. Hata ile 7-1 ya Ujerumani dhidi ya Brazili 2014, Brazili ndo waliokuwa na mpira zaidi kidogo na ndo waliopiga mashuti mengi zaidi, ukimpa mtu chati mbili hizo bila matokeo atakwambia Brazili walishinda.

Mtandao wa pasi, ile ya maduara ya wachezaji na mistari kati yao, ni nzuri kwa macho, ichore kama unaitaka, ila kumbuka nafasi ya mchezaji pale ni wastani, winga aliyecheza nusu saa kushoto na nusu saa kulia utamkuta katikati ambako hakukanyaga. Na kawaida mtandao unakatwa sabu ya kwanza inapofanyika ili wachezaji wabaki 11. Kwenye fainali kocha wa Ufaransa Deschamps alimtoa Giroud na Dembélé dakika ya 41. Kwa hiyo mtandao wa Ufaransa utakaouchora ni wa dakika 41 mbovu kuliko zote walizocheza, andika hivyo kwenye kichwa cha chati. Ramani za joto, zile zinazopaka rangi sehemu mchezaji alipokuwa zaidi, sina la kusema sana, nyingi zinaonyesha kwamba beki wa kushoto alicheza kushoto.

Haya, mashabiki.

Mahudhurio ndo data rahisi kuipata na ndo inayochorwa vibaya kuliko zote. Jumla ya Qatar ni 3,404,252. Jumla ya Marekani 1994 ni 3,587,538. Ukichora nguzo mbili zinaonekana karibu sawa, msomaji anasema ah tofauti ndogo. Lakini 1994 zilikuwa mechi 52 na 2022 zilikuwa 64, kwa mechi moja ni 68,991 dhidi ya 53,191, hapo ndo tofauti inajitokeza, ni watu zaidi ya elfu 15 kila mechi. Na ukiongeza 2026 yenye timu 48 na mechi 104, jumla haisemi chochote tena, imebebwa na wingi wa mechi. Tumia wastani, au chora kila mechi kama nukta moja, nukta 64 kwenye mstari wa kila mwaka, msomaji anaona wastani na anaona pia ule mtawanyiko, viwanja vidogo na vikubwa. Hiyo ya nukta naipenda kuliko nguzo zote.

Ukitaka asilimia ya viti vilivyojaa, hapo kuna mtego. Mechi ya ufunguzi Qatar na Ecuador pale Al Bayt ilitangazwa watu 67,372, wakati uwezo wa uwanja uliokuwa umechapishwa ni 60,000. Asilimia 112. Baadaye FIFA wakatoa uwezo mpya, 68,895, asilimia ikashuka chini ya 98. Mahudhurio ni yaleyale, kilichobadilika ni cha chini ya mstari wa kugawanya. Kama umevuta uwezo wa viwanja kutoka jedwali la zamani na mahudhurio kutoka jedwali jipya, utapata viwanja kadhaa vimejaa kupita kiasi na programu yako inaweza kuwa imekata mhimili kwenye 100 bila kukwambia. Angalia hilo. Na kwa miaka ya zamani kabisa, Brazili dhidi ya Uruguay 1950 pale Maracanã, namba rasmi ni 173,850 ila makadirio mengine yanakaribia laki mbili, ukiiweka hiyo kwenye mhimili mmoja na mechi za leo zote za leo zinabanwa chini. Iweke kama maandishi pembeni.

Watazamaji wa TV sasa. Kwa 2018 utakuta FIFA wana bilioni 3.572 kwa mashindano yote, ukasoma kwingine fainali bilioni 1.12, kwingine fainali milioni 517, halafu 2022 wanasema bilioni 5 na fainali karibu bilioni 1.5. Zote ni namba za FIFA na hazipingani, zinahesabu vitu tofauti. Bilioni 3.572 ni watu walioangalia angalau kidogo tu mahali fulani katika mwezi mzima. Bilioni 1.12 ni waliopita kwenye fainali hata kama hawakukaa. Milioni 517 ni wastani, yaani ukisimamisha fainali dakika yoyote, kwa wastani ndo watu waliokuwa wameitazama dakika hiyo. Na bilioni 5 ya 2022 ni walioshiriki kwa namna yoyote, mitandao na simu imo humo. Sasa mtu anachukua 3.572 na 5 anachora mstari unaopanda kwa asilimia 40 na kuandika mpira unakua kwa kasi. Huo mstari haupo. Ukiwa na wastani wa dakika tumia huo, ndo unaofanana na mahudhurio ya uwanjani, ukiwa huna usiunganishe miaka kwa mstari, weka namba peke yake na maelezo yake.

Posti za mitandaoni ndo utamu ulipo, na ndo jibu la swali lako la data hizi mbili kukaa ukurasa mmoja. Zinakutana kwenye dakika. Chukua tena ile nusu fainali ya 7-1. Twitter wenyewe walitangaza twiti milioni 35.6 wakati wa mechi hiyo, na kilele twiti 580,166 kwa dakika moja, bao la tano, alilofunga Khedira. Mabao yenyewe ya kipindi kile, Müller 11, Klose 23, Kroos 24 na 26, Khedira 29. Weka mhimili mmoja wa dakika, juu mkondo wa twiti, chini alama za mabao, mtu anaona dunia nzima inavyoshindwa kuamini kwa dakika sita. Sasa linganisha na fainali ya mwaka huohuo, Ujerumani 1-0 Argentina, jumla twiti milioni 32.1, chini ya ile nusu fainali, lakini kilele 618,725 kwa dakika kipenga cha mwisho kilipopulizwa, juu ya ile. Mechi ipi ilizungumziwa zaidi? Ukichora jumla ni nusu fainali, ukichora kilele ni fainali. Chati zote mbili ni kweli, wewe ndo unaamua unauliza nini, na kichwa cha chati kiseme umeuliza nini.

Shida ya kuziunganisha ni saa. Posti zina saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, mechi ina saa yake inayosimama mapumziko na kwenye zile faili saa ya kila kipindi inaanza sifuri upya. Fainali ya 2022 pale Lusail ilianza saa 15:00 UTC, watu wanafanya 15:00 jumlisha dakika 80 wanapata 16:20 wanaweka penalti ya Mbappé hapo, afu wanashangaa mbona kelele zimekuja kama dakika ishirini baadaye. Wamesahau mapumziko na dakika za majeruhi za kipindi cha kwanza. Tafuta saa halisi kila kipindi kilipoanza, jumlisha ndani ya kipindi chake. Ukikosa saa hizo, tumia mabao yenyewe kama vigingi, linganisha kilele cha posti na bao la kwanza la kila kipindi afu sogeza kipindi kizima kwa kiasi hicho. Usisogeze kila bao kivyake, hapo utakuwa unalazimisha data ikubaliane na wewe. Na usitegemee kilele kikae juu ya bao sekunde ileile, wanaoangalia kwa intaneti wanachelewa nyuma ya walio uwanjani na mtu naye anahitaji muda wa kuandika, kilele dakika moja baada ya bao ni kawaida kabisa.

Kuhusu posti ulizonazo wewe, jua ni sampuli. Tangu 2023 Twitter, ambayo sasa ni X, walipoondoa ule mlango wa bure wa kuvuta posti kwa wingi, seti nyingi zinazozunguka ni vipande vilivyokusanywa kwa maneno fulani, na mara nyingi ya Kiingereza. Kwa hiyo usiandike "mashabiki wa dunia", andika posti zenye maneno haya, lugha hii, siku hizi. Kupima hisia kwa mashine, furaha na hasira, ningeiacha, zile modeli zinababaika sana na utani wa mashabiki na lugha mchanganyiko, utapata asilimia nzuri zenye desimali mbili ambazo hazina maana. Hesabu ya posti kwa dakika inatosha na ni ya kweli. Majina ya akaunti za watu wa kawaida yatoe kabla hujapakia chochote.

Kama una Google Trends, inayoonyesha watu wanatafuta nini Google, zile namba 0 hadi 100 sio idadi ya waliotafuta, 100 ni kilele ndani ya ulichokiomba wewe. Ukitafuta Argentina peke yake na Ufaransa peke yake kila moja itakuwa na 100 yake, huwezi kuziweka kwenye chati moja. Zitafute pamoja kwa mkupuo mmoja. Na ramani ya dunia yenye nchi zilizopakwa rangi, jamani, ukipaka idadi ya mashabiki unapata ramani ya idadi ya watu. Kroatia ina watu chini ya milioni nne, Brazili zaidi ya milioni mia mbili, Kroatia walifika fainali 2018 na nafasi ya tatu 2022 na kwenye ramani yako hawataonekana hata kama nchi nzima haikulala. Gawa kwa idadi ya watu, au linganisha kila nchi na siku yake ya kawaida isiyo na mechi.

Kwenye ukurasa wenyewe mi ningeweka chati tatu tu. Ngazi ya xG ya fainali kubwa juu, mkondo wa posti chini yake kwa mhimili uleule wa dakika ili macho yashuke moja kwa moja, na nukta 64 za mahudhurio pembeni. Ramani ya mashuti iwe ya nne kama nafasi ipo. Chati ya buibui, ile inayoweka kila takwimu kwenye pembe yake kuzunguka kituo kimoja, achana nayo, ukibadilisha mpangilio wa pembe umbo linabadilika na mchezaji yuleyule anaonekana bora au mbovu, na kwa mashindano ambayo timu inacheza mechi tatu hadi saba takwimu za kwa dakika 90 ni hatari, Weghorst wa Uholanzi aliingia dakika ya 78 dhidi ya Argentina akafunga 83 na 90+11, kwa hesabu hizo anakuwa mshambuliaji asiyewahi kutokea. Weka dakika za chini kabisa za kukubalika, mtu hajafikisha asiingie.

Rangi, usitumie rangi za jezi kwa upofu. Kroatia, Moroko, Uswisi, wote wekundu. Argentina na Ufaransa una bahati, bluu ya maji na bluu iliyoiva zinatofautiana mwanga hata zikichapwa nyeusi na nyeupe. Nyekundu dhidi ya kijani ikwepe, katika baadhi ya jamii karibu mwanaume mmoja kati ya 12 hazitofautishi vizuri, na uwanja wako ukiwa wa kijani na nukta nyekundu juu yake umeshampoteza. Uwanja uache mweupe au kijivu hafifu, kila mtu anajua ni uwanja.

Excel au Python: mahudhurio na TV fanya Excel au Google Sheets, ukitaka ipendeze peleka Datawrapper au Flourish, tovuti za kutengeneza chati, hamna sababu ya kuandika kodi kwa safu 64. Matukio ya uwanjani nenda Python, ile JSON, yaani muundo wa mafaili ya StatsBomb, ina mabano ndani ya mabano na Excel itakutesa, tena kuna maktaba inaitwa mplsoccer inachora uwanja yenyewe na inajua vipimo vya StatsBomb na vya Opta, ukimwambia data ni ya nani yule y wa kupinduka anamshughulikia mwenyewe. Timu ya pili bado utaigeuza kwa mkono. Na ukishapakia, masharti ya data ile ya bure yanataka uwataje StatsBomb na uweke nembo yao, iweke kona ya chini pamoja na tarehe uliyopakua, kwa sababu huwa wanarekebisha mafaili na mwezi ujao mtu anaweza kujumlisha akapata namba tofauti kidogo na yako.